Kahawa ya Tarime iko jirani, mbona Mwanza hatuinywi kwa jina lake?

#1 Mkaangaji wa Nyegezi

Wakuu, nawasalimu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Ukiingia duka lolote la maana hapa mjini ukasoma pakiti za kahawa, utakuta picha ya mlima wenye theluji, utakuta "Tanzania", utakuta "arabika asilimia 100". Jina la wilaya, au la chama cha msingi cha ushirika kilichoikusanya, hulikuti. Halafu panda basi la Sirari asubuhi. Ukishapita Musoma unaanza kuliacha joto la ziwa, na huko juu kwenye miinuko ya Tarime mibuni imesimama chini ya migomba, boma hadi boma. Ni arabika, na wenye mashamba ni watu wa ekari moja, ekari mbili. Mkoa wa jirani kabisa na sisi.

Nakaanga kahawa nyumbani kwa mashine ndogo, nauza kwenye ofisi na hoteli chache. Kila nikimwonjesha mtu ya Tarime, swali ni "hii ya Moshi?" Nikisema hapana, ya Tarime, ananitazama kama nimemwambia nina sangara wa Dodoma.

Kwa wasiofuatilia mambo haya: kahawa ya eneo moja ni ile ambayo punje zote zimetoka mahali pamoja panapojulikana, haikuchanganywa na ya kwingine. Mahali hapo panaweza kuwa nchi, mkoa, kijiji au shamba moja. Kadiri panavyokuwa padogo ndivyo jina linavyokuwa na maana. "Kahawa ya Tanzania" kwa mnywaji wa Ulaya ni eneo moja, lakini kwetu haisemi kitu. Tuna arabika Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Kigoma na Mara, tuna robusta, ile aina nyingine, Kagera, na hazifanani kikombeni hata kidogo.

Sasa sikieni hii. Wajapani ni wanunuzi wetu wa siku nyingi, na kwenye biashara yao wana kanuni kwamba jina "Kilimanjaro" linatumika kwa arabika yoyote iliyolimwa Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Arabika ya Mbinga ikifika Tokyo ni Kilimanjaro. Ya Mbozi, Kilimanjaro. Ya Tarime nayo Kilimanjaro, wakati kutoka Tarime huo mlima huuoni hata upande juu ya mnara wa simu. Na kahawa ya kuchanganya inabeba jina hilo ikiwa na asilimia 30 tu ya kwetu. Siwalaumu, jina linauza. Ila tujiulize la Tarime lilipotelea wapi.

Mimi naona halipotei dukani wala Moshi mnadani. Linapotea siku ile ya kwanza kwenye mzani. Mkulima mmoja amechuma nyekundu tupu, amemenya jioni ile ile, ameanika kwenye kichanja. Mwenzake amekamua tawi zima, mbichi, mbivu na kavu, akaanika chini kwenye vumbi. Wanapima mzani mmoja, wanalipwa bei moja, inaingia gunia moja. Mwakani yule wa kwanza naye anakamua tawi zima, na ana haki zake. Gunia la namna hiyo ukiliandika "Tarime" kwa herufi za dhahabu utakuwa unadanganya tu kwa hati nzuri.

Wenye kuijua Tarime na Kagera karibuni.

#2 Mpenda Chai

Mimi kahawa nainywa msibani tu. Ila nimekaa paleee nasoma.

#3 Omuhaya wa Kamachumu

Mkuu umeandika vizuri, lakini umeanza na ugonjwa wa watu wa mjini wa kudhani kahawa bora ni arabika tu.

Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hata mtu akipanda mbuni pale Kemondo ukingoni mwa maji, yuko juu kuliko sehemu nyingi za dunia zinakolimwa robusta, ambako ni nyanda za chini zenye joto. Huku Kamachumu tuko juu zaidi ya hapo. Tunda linaiva taratibu. Robusta yetu ikichumwa mbivu na kuanikwa vizuri, haina ule uchungu wa gunia lililoungua mnaousingizia.

Halafu sisi hatukuletewa. Arabika ya Uchagani ilikuja na wamisionari, Kilema, mwaka 1898. Robusta ya Buhaya Mjerumani aliikuta. Wazee hawakuinywa, waliitafuna. Matunda yanachumwa kabla hayajaiva sawasawa, yanachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yanaanikwa, na mgeni akiingia anapewa akamwani kabla hajamaliza kukaa. Watu wakichanjiana udugu walitumia buni mbili za tunda moja, kila mmoja anameza ya mwenzake ikiwa na damu yake. Kupanda nako hakukuwa holela, Bakama, yaani wafalme wetu, walikuwa na mkono wao. Na ilivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda Buganda kuuzwa, enzi ambazo hakuna aliyejua Moshi itakuwa na mnada.

Sasa niambie, kahawa ya eneo moja ipi inaizidi hiyo?

#4 Kirumba Mwaloni

Nshomile ameshawasha mashine, tutakula historia mpaka alfajiri.

Mimi ni mtu wa dagaa. Naulizia kahawa ya dele, ile ya kijiweni na kashata. Muuzaji wetu akiulizwa anasema "ya Bukoba hiyo", kila siku, mwaka wa ngapi huu. Ni kweli au anatufurahisha?

#5 Mkaangaji wa Nyegezi

Kirumba, inawezekana kabisa ni kweli. Kahawa nyingi ya vijiweni Kanda ya Ziwa ni robusta, na robusta nyingi ya nchi hii inatoka Kagera. Bei yake iko chini na nguvu inayo. Kafeini ya robusta ni kama asilimia 2.2 hadi 2.7 ya punje, arabika inacheza kwenye 1.2 hadi 1.5. Ndiyo maana vikombe viwili vya jioni vinakukesha unahesabu mabati.

Ila kwa jinsi inavyokaangwa hata ingekuwa ya mbinguni usingejua. Punje ikishakuwa nyeusi ti, inang'aa mafuta, ladha ya mahali ilikotoka imekwenda na moshi. Kilichobaki ni ladha ya moto, na moto wa Bukoba na wa Tarime ni mmoja. Tangawizi ikiingia ndiyo basi kabisa. Sina ugomvi na kijiwe, nami nakaa pale. Nasema tu pale kinachonyweka ni mazungumzo.

Omuhaya, nakubali hoja ya mwinuko. Nimeonja ya kwenu iliyoanikwa juu ya kichanja, ilikuwa na ladha ya karanga na kakao, safi kabisa. Lakini nimeonja nyingi zaidi zenye ladha ya udongo. Hilo ulisemee.

#6 Bhoke wa Muriba

Habari zenu. Mimi nimezaliwa huko mnakokusifia, sasa niko Igoma, mama bado analima. Kaka Mkaangaji umesema kweli kuhusu mzani ila umeipita mbio kazi yenyewe.

Mashine ya kumenyea ya mkono haiko kila boma. Inazunguka, mnapeana zamu. Umechuma asubuhi, zamu yako inafika saa mbili usiku, unamenya kwa tochi. Ukisema ulaze matunda mpaka kesho, ladha imeshaanza kuharibika. Ukimaliza kumenya unaivundika siku moja, moja na nusu, ule utelezi uachie. Ukichelewa kuitoa inachacha kupita kiasi, inatoa harufu ya kitunguu kilichooza, na harufu hiyo hata wewe na mashine yako hutaitoa. Kisha kuosha. Kuosha ni maji, na maji ni bondeni, kichwani kwa mama na kwa watoto wakitoka shule. Kisha kuanika, wiki moja au mbili kulingana na jua, kugeuza mchana, kufunika usiku, kukimbilia turubai wingu likijikusanya. Mvua ikiinyeshea mara moja tu, kazi yote hiyo inashuka daraja.

Ukitaka mtu afanye hivyo kwa uangalifu halafu apokee sawa na aliyeanika chini, unamwambia afanye ibada.

Na mpaka hamjautaja. Ng'ambo ya Sirari ni Wakuria wenzetu, ndugu na mashemeji. Mwaka ambao ng'ambo bei ni nzuri na malipo ni taslimu, kuna magunia yanavuka usiku. Yakishavuka hiyo ni kahawa ya Kenya, jina limebadilika ndani ya nusu saa. Serikali inaita magendo, na ni magendo. Lakini ada ya shule haisubiri mnada.

#7 Omuhaya wa Kamachumu

Dada Bhoke, hiyo ya mpaka tunaijua, sisi tuna Mutukula.

Kuhusu udongo: ni kweli. Huku tunauza maganda, yaani tunda zima likiwa limekaushwa bila kumenywa, na kilo mbili hivi za maganda zinatoa kilo moja ya safi. Kwa kuwa ganda linaifunika punje, watu wanadhani hata ikianikwa kwenye uwanja wa nyumba haidhuriki. Inadhurika. Ganda bichi linanyonya unyevu wa ardhi na harufu yake. Vyama vinavyosisitiza vichanja na maturubai unaona tofauti mara moja.

Lakini kuna jambo baya kuliko udongo, nalo ni butura. Maua ndiyo kwanza yanadondoka, mtu ana mgonjwa au ana mahari ya kumalizia, anauza kahawa ikiwa bado juu ya mti kwa bei ya kutupa. Inakatazwa kila msimu na kila msimu ipo. Aliyenunua butura anataka kuvuna haraka na kuondoka. Atakamua tawi lote mbichi na mbivu, hatasubiri ziive. Hapo utaongea naye habari ya ladha ya kakao?

Ongeza na mnyauko fuzari, ulioonekana kwetu mwaka 1997. Mbuni wa robusta unakauka kuanzia juu, majani yanapukutika, dawa hakuna, unang'oa na kuchoma. Kuna mashamba ya babu yaliyoondoka hivyo. Watafiti wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo cha Maruku walitoa miche inayovumilia, ndiyo inayoturudisha. Arabika nayo ina yake, chulebuni na kutu ya majani, na aina za zamani kama N39 na KP423 zinaumia sana bila dawa. Mkulima mdogo akikosa fedha ya dawa mwaka mmoja, mwaka huo hana kahawa ya eneo lolote.

#8 Hesabu Kwanza

Naona hisia nyingi, tuongee hela. Maswali yangu kwa mwanzisha mada:

Kwanza, kwa nini chama cha msingi kihangaike kutenga kahawa kwa ajili ya mkaangaji wa Nyegezi wakati kinaweza kuuza yote mnadani siku moja? Mwaka 2024 na 2025 bei zilikuwa juu, wanunuzi wakigombania hata takataka.

Pili, Mwanza nani atainywa? Huu mji ni wa chai na soda.

#9 Mkaangaji wa Nyegezi

Maswali mazuri, hayo ndiyo niliyataka.

Nianze na la bei. Zilipanda kwa sababu ya ukame Vietnam na Brazil. Robusta pale London ilipita dola 5,000 kwa tani, arabika New York ikapita dola 4 kwa ratili Februari 2025. Ni kweli, bei ikiwa hivyo hakuna anayetenga, kwa nini ajisumbue? Lakini bei ya kahawa haijawahi kukaa juu. Wenye umri wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi. Bei ikiporomoka, kahawa isiyo na jina inaporomoka nayo yote. Yenye jina na mnunuzi wake inashuka pia, lakini ina mahali pa kushikia.

La pili ndilo moyo wa uzi. Kontena la futi 20 linabeba magunia 320 ya kilo 60, ni zaidi ya tani 19. Chama cha msingi kikitenga ile bora kabisa, nyekundu tupu, iliyoanikwa juu, kinaweza kupata magunia kumi. Magunia kumi hayajazi kontena la Yokohama. Msafirishaji mkubwa atayachanganya na ya chama jirani, na ya jirani wa jirani, mpaka tani zitimie, na hapo jina limekufa hata kama hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwa mkulima mdogo udogo wake ndio unaomnyima jina.

Sasa magunia kumi ni kilo 600. Ukikaanga unapoteza asilimia 15 hadi 18, inabaki kama kilo 500. Ni pakiti 2,000 za robo kilo. Mwanza ina Bugando, ina SAUT, ina mahoteli, ina ofisi za migodi na za samaki, ina watu wanaorudi Dar na pakiti za zawadi. Unaniambia mji huu wote haunywi pakiti 2,000 kwa mwaka? Soko dogo ndilo linaloweza kubeba kahawa ndogo.

Na kuhusu mgawo: kilo sita hivi za matunda mekundu ndizo zinatoa kilo moja ya arabika safi. Ikishakaangwa, kilo moja ya kwenye pakiti imekula kama kilo saba za matunda. Kwa gramu 15 kikombe unapata vikombe sitini na zaidi. Chukua bei ya kikombe hotelini unayoijua, zidisha, kisha linganisha na alicholipwa aliyechuma zile kilo saba. Sitataja namba, kila mtu apige na bei ya mwaka wake.

#10 Mzee wa Buzuruga

Vijana hamjambo. Mimi ni mtu wa pamba, lakini mnayoyasema nimeyaona.

Wakati wa mkoloni mkulima wa pamba alikuwa anapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakulima wakaweka watu wao wa kuhakiki mizani, ndipo mambo ya ushirika yakakua hata ikazaliwa Victoria Federation mwaka 1955, enzi za Bomani. Tulipokuwa na nguvu, pamba ilipokelewa kwa madaraja mawili, safi na fifi. Safi bei yake, fifi bei yake. Mama zetu walikaa barazani usiku wanachambua, wanatoa yenye madoa, kwa sababu kuchambua kulikuwa na fedha ndani yake. Hakuna aliyehitaji semina.

Vyama vikuu vikafutwa 1976, vikarudi kwa sheria ya 1982, vimerudi vimechoka. Soko likaachiwa huria miaka ya tisini. Wanunuzi wakaja wengi, kila mmoja anataka ajaze ginari yake kabla ya mwenzake. Nani angekaa kupanga safi na fifi? Ikanunuliwa yote bei moja. Mnajua kilichofuata, watu wakaanza kumwagia maji na mchanga izidi uzito. Mkulima mwizi hakuzaliwa usiku mmoja, bei moja ndiyo ilimfundisha.

Ng'wanawane, hapo kwenye mzani umepiga penyewe. Kule Moshi kahawa inapangwa vizuri sana, AA, A, B, PB, inaonjwa na wataalamu. Lakini hiyo ni baada ya kuchanganywa. Daraja linatakiwa liwe mlangoni mwa chama, mkulima akiwa amesimama hapo anaona, na tofauti ya bei aondoke nayo mfukoni siku hiyo.

#11 Mkaangaji wa Nyegezi

Shikamoo mzee. Safi na fifi, hiyo naiba.

#12 Mzee wa Buzuruga

Marahaba. Iba tu.

#13 Kikombe Kidogo

Natengeneza kahawa hotelini hapa mjini, niongeze la jikoni maana naona mnabishana tu shambani.

Watu wananunua kahawa nzuri wanaiua wenyewe. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema maji yachemke, kisha uyaache yapoe kidogo yafike nyuzi 93 hadi 96. Hayo wameandika watu wa pwani za kwao. Sisi tuko juu ya mita 1,100, maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kwa hiyo ukitoa birika motoni mimina, usingoje. Ukingoja dakika tano unapata kikombe cha uchachu mtupu, kisha unasema kahawa ya Tarime ni mbaya.

Saga wakati wa kunywa. Kama huna mashine, kinu cha kawaida kinafaa kwa kahawa ya kuchemsha, usitwange mpaka iwe unga wa dona. Kwa arabika iliyokaangwa wastani, gramu 15 kwa kikombe kikubwa kimoja, na chujio la karatasi au hata la kitambaa safi. Onja bila sukari kwanza, mara moja tu, halafu weka sukari yako kwa amani.

Tarime niliyoionja mimi ina uchachu wa chungwa na utamu wa sukari guru mwishoni. Robusta nzuri ya Kagera naipenda kwenye maziwa, arabika nyingi zinazama humo, yenyewe inasimama.

#14 Kirumba Mwaloni

Sasa mimi niwaulize wataalamu. Magari yanayobeba dagaa kutoka huku kwenda huko, yakirudi hayarudi matupu. Nimeona kwa macho yangu magunia ya kahawa juu ya sakafu iliyotoka kubeba dagaa. Hiyo ladha yake mnaiitaje?

#15 Kikombe Kidogo

Tunaiita hasara. Kahawa inanyonya harufu ya chochote kilicho karibu, dagaa, mafuta ya taa, sabuni. Ikishaingia haitoki.

#16 Mkaangaji wa Nyegezi

Mimi nilipokea gunia la namna hiyo. Nililirudisha, dereva akaniapia kwamba hiyo ni harufu ya ziwa.

#17 Hesabu Kwanza

Nimeielewa hesabu ya kontena, nakubali. Lakini sheria je? Tangu msimu wa 2018 kahawa inapita vyama vya msingi na mnada. Huwezi kwenda bomani kwa mama Bhoke na fedha mkononi ukachukua magunia, watakukamata wewe na gari lako.

#18 Mkaangaji wa Nyegezi

Sawa kabisa, na sisemi tufanye hivyo. Mkaangaji anahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa, na kahawa aipate kwa njia halali. Nisichotaka ni watu kuutumia utaratibu kama kisingizio. Kupitia chama hakumaanishi lazima ichanganywe. Chama kinaweza kupokea kwenye vitabu viwili, kikaweka magunia yaliyotengwa pembeni na alama yake, yakapita hatua zote na karatasi zake. Kikwazo kikubwa nilichokutana nacho ni kinu cha kukoboa, hawapendi kuwasha mashine kwa magunia machache. Wanasema changanya au subiri.

Na hili la kujua shamba linakuja hata tusipotaka. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba mwenye kuingiza kahawa huko aonyeshe shamba lilipo kwenye ramani, na kwamba halikutokana na msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini vyama vimeshaanza kuchukua alama za mashamba. Kama tunajua shamba la kila mkulima kwa ajili ya Mzungu, tunashindwaje kuandika jina la kijiji kwenye pakiti ya Mwanza?

#19 Mpenda Chai

Haya, nikitaka kuijaribu hiyo nyekundu tupu nimuulize nini muuzaji asinipige?

#20 Mkaangaji wa Nyegezi

Muulize ya wilaya gani, imepitia chama gani, na imekaangwa lini. Akijibu la tarehe tu ujue ni mkaangaji mzuri anayenunua asichokijua. Akishindwa yote, mwachie pakiti yake.

#21 Bhoke wa Muriba

Nimempigia mama nikamsomea uzi wote. Amecheka sana hapo kwa dagaa. Halafu kaniambia nimwambie kaka wa Nyegezi hivi.

Kutenga tunaweza. Mama na majirani zake wanajuana, wanajua nani anachuma nyekundu na nani anakamua. Lakini kutenga kuna gharama, na mpaka sasa anayetaka jina ni wewe, anayelipa ni wao. Kuchuma nyekundu tupu ni kurudi kwenye mti huo huo mara tatu nne badala ya mara moja, na vibarua wanalipwa kwa debe, hawalipwi kwa rangi. Vichanja vinataka mbao na nyavu. Mashine ya kumenyea ya pili inatakiwa, bila hiyo ile zamu ya saa mbili usiku itabaki. Na kama magunia yatakaa pembeni kusubiri kinu kipate nafasi, mtu mwenye ada ya shule Januari atasubirije?

Masharti yake: fedha ya nyavu itangulie kabla ya msimu, ikatwe kwenye kahawa. Bei ya nyongeza iandikwe ubaoni chamani mbele ya wote, isiwe maneno ya simu. Na mje na kipima unyevu chenu, maana wakipimiwa kwa kung'ata punje kila mnunuzi anasikia jibu tofauti kwenye meno yake.

#22 Mkaangaji wa Nyegezi

Dada Bhoke, mpe mama shikamoo zangu. La nyavu na la ubao nakubali bila mjadala. Kipima unyevu ninacho, nitakileta, lengo ni isizidi asilimia 12. Mashine ya pili peke yangu siiwezi, inabidi tuwe wakaangaji wawili au watatu wa hapa mjini tuchange, kila mmoja achukue sehemu yake ya magunia. Na kwa kinu tukiwa na magunia ya watu watatu hawatakuwa na sababu ya kukataa.

Wakaangaji mliomo humu mnaosoma kimya kimya, nipeni ishara hapa hapa. Barua kwa mwenyekiti wa chama inatakiwa ifike kabla matunda hayajaanza kubadilika rangi.

#23 Kikombe Kidogo

Niandike mimi kwa niaba ya hoteli, gunia moja. Ila lisipande gari la Kirumba.